Jezi ya hoki kutoka Kadutu: dola tano, na ukanda wa ajabu mgongoni

Nimeivaa miezi minne sasa, kwa hiyo naweza kuisema bila kumwonea mtu. Ni jezi ya hoki ya barafu, sisi huku tunasema mayo, mtumba wa soko la Kadutu hapa Bukavu, Kongo, pale wanapofungulia mabaloti ya nguo za baridi. Mama muuzaji alianzia dola nane. Nikamwambia, "Mama, mimi ni prof tu, sifanyi kazi forodhani." Akacheka: "Basi Papa Prof, toa tano, halafu ongeza kidogo." Nikaongeza faranga elfu moja, tukaachana vizuri.

Rangi ni damu ya mzee, na kifuani kuna M kubwa ya njano iliyoshonwa kwa uzi, si ile ya kubandika. Mgongoni jina limefumuliwa, zimebaki alama za sindano. Siku ya kwanza nilipoingia nayo uwanjani (nafundisha mpira wa kikapu kwenye chuo kimoja hapa Bukavu) vijana walipiga kelele: "Kocha amehamia Muungano!", yaani klabu ya soka ya hapa mjini. Hapana. M hiyo ni ya Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, kule ambako ziwa huganda barafu mpaka watu wanaendesha magari juu yake.

Kwa baridi yetu ya alfajiri, hakuna mpinzani. Kitambaa ni kizito, mabegani na kwenye viwiko kimepigwa mara mbili. Ni pana mno: naingia mimi, sweta mbili, na nafasi inabaki, kwa sababu wachezaji wenyewe huvaa kinga ngumu za mabega na viwiko chini yake. Ukinyeshewa ukipanda kutoka Nyawera, ukifika nyumbani ikung'ute, itundike, asubuhi imekauka. Lakini mwili wa jezi usiuguse kwa pasi ya makaa. Mpwa wangu aliigusa, sekunde mbili tu, na ubavuni sasa kuna kidoa kinachong'aa kama ganda la samaki.

Sasa huo ukanda. Ndani, nyuma, chini ya kiuno, umeshonwa ukanda mgumu wenye kifungo. Mama muuzaji aliniapia kuwa ni wa kutundikia. Kijana wangu mmoja akasema ni wa kumfunga mtoto mgongoni. Nilipotafuta kwenye simu nikacheka peke yangu: unaufunga kwenye suruali ili mtu mkipigana asikuvute jezi ikakufunika kichwa, akakupiga huoni. Hoki ya kulipwa ya Amerika ya Kaskazini ina adhabu maalumu ya ngumi, dakika tano nje, kisha unarudi kucheza. Kwenye vyuo hawachezi hivyo: ukipigana unatolewa, na mechi inayofuata huchezi. Kwa hiyo mwenye jezi hii sidhani aliutumia sana. Mimi ninautumia kwenye pikipiki, upepo hauingii mgongoni.

Na katika kutafuta hiyo M ndipo nilipokutana na habari za Herb Brooks, kocha wa hoki wa Marekani. Alizaliwa Saint Paul mwaka 1937, akaichezea M hii hii, kisha akachaguliwa timu ya Marekani ya Olimpiki ya 1960 kule Squaw Valley. Zikiwa zimebaki siku chache tu, akachujwa. Wa mwisho kuchujwa. Timu ikaenda bila yeye na ikarudi na dhahabu. Alicheza Olimpiki mbili baadaye, 1964 na 1968, hakupata hata shaba.

Hapo nililaza simu kidogo. Mwaka niliokuwa na miaka ishirini, jina langu lilisomwa kwenye orodha ya timu inayokwenda Goma. Nimeshafika bandarini na begi, kiongozi mmoja akaniambia nafasi imepewa mwingine. Boti iliondoka naiona. Kurudi nyumbani na begi lile lile, na jirani anakuuliza mmerudi lini, ni kazi.

Brooks alirudi Minnesota mwaka 1972, safari hii kama kocha. Chuo hicho kilikuwa hakijawahi kuchukua ubingwa wa NCAA, yaani wa vyuo vya Marekani, na yeye akauchukua mara tatu: 1974, 1976, 1979. Ya Olimpiki ya Lake Placid 1980 inasimuliwa kila mahali, vijana wake wa vyuo, timu ya Marekani, kuwafunga Wasovieti 4–3, kwa hiyo sitaikalia. Mimi napenda zaidi usiku mmoja wa Septemba 1979 kule Oslo. Vijana hao walitoka sare 3–3 na Norway, tena wakicheza kivivu. Mechi ikaisha, yeye akawarudisha kwenye barafu: mpaka mstari wa kwanza na kurudi, wa katikati na kurudi, wa tatu na kurudi, mwisho wa uwanja na kurudi. Tena. Wafanyakazi wakazima taa ili watu waende kulala. Akaendelea nao gizani.

Nikajaribu na wangu, baada ya kufungwa na timu ambayo hatukupaswa kufungwa nayo. Sehemu ya giza haikuhitaji kupangwa, umeme ulijikatia wenyewe saa kumi na mbili na nusu. Walikimbia kama dakika tatu hivi, mmoja akakumbatia nguzo ya kikapu kwa paji la uso, nikafunga kazi. Hajavunjika kitu. Sitarudia.

Kilichonifanya nimheshimu si medali. Mwaka 1986, akiwa ameshafundisha New York Rangers, timu ya kulipwa kabisa, alikubali kwenda St. Cloud State, chuo cha kwao huko huko Minnesota kilichokuwa bado kinacheza daraja la chini. Akakaa msimu mmoja, akakisaidia kupanda daraja la kwanza. Sisi tunaofundisha vyuoni, tunaonunua mipira miwili kwa mwaka, tunajua hiyo inataka moyo wa namna gani. Baadaye aliwafundisha hata Wafaransa, Olimpiki ya Nagano 1998, na mwaka 2002 akaipeleka Marekani kwenye fedha. Ajali ya gari ilimwondoa 2003.

Tangu nisome hayo, mchujo wangu naufanya mapema na kwa mdomo wangu, mchezaji nimemketisha mbele yangu. Bado wananinunia, hilo halijabadilika.

Turudi sokoni. Jumatano nilipita tena kwa yule mama, nyeupe ya aina hiyo hiyo ilikuwa inaning'inia nyuma, ndogo kidogo, kola ina kamba kama ya kiatu. Ameanza kuiita "premier choix", yaani chaguo la kwanza, na kuomba dola kumi, lakini usimpe zaidi ya sita. Geuza ndani kwanza uangalie kama ukanda upo.