Maua ya pwani San Francisco: Crissy Field au Batteries to Bluffs?

Ukiwa na asubuhi moja tu, mwezi wa Aprili, chagua kwa miguu yako kwanza. Crissy Field ni tambarare, hata kigari cha mtoto kinapita. Batteries to Bluffs ni njia ya miguu ya kama kilomita moja tu, ila ni ngazi tupu, kushuka na kupanda.

Crissy Field ulikuwa uwanja wa ndege za jeshi. Kinamasi chake, hekta 7 hivi, kilichimbwa upya na kufunguliwa kwa maji ya bahari mwaka 1999. Mlango wake huziba kwa mchanga. Ukiziba, maji hayajai wala kupwa. Nenda kwa ajili ya ndege na mimea ya matuta ya mchanga. Maua yapo, lakini yametawanyika.

Kwa maua hasa, mteremko mkali wa Batteries to Bluffs unashinda. Mwamba wake ni sapentini: udongo una kalsiamu kidogo, magnesi na nikeli nyingi. Nyasi vamizi hudhoofu humo, mimea ya asili ikabaki na nafasi. Usiende alfajiri: maua ya popi za California hujikunja kama mwavuli penye baridi au ukungu, na hufunguka jua likipata nguvu. Alasiri nayo upepo huharibu picha zote.

Vaa suruali ndefu. Kichaka chenye vijani vitatu-vitatu vinavyong'aa, usikiguse; mafuta yake huwasha ngozi kwa siku nyingi, na hushika hata kwenye kamba za viatu.