Uzoefu wangu wa kuweka akiba kwa vipande vya dhahabu Dar es Salaam

Tangu 2023 sehemu ya akiba yangu naiweka kwenye vipande vidogo vya dhahabu, na mwishoni mwa 2025 niliuza kimoja ili nimalizie paa la nyumba. Nimeshanunua na nimeshauza, kwa hiyo naweza kueleza jambo hili mwanzo hadi mwisho. Nasema hivi kwa sababu wengi wanaosifia dhahabu huishia pale kwenye kununua, na dhahabu unaijua vizuri siku unayoirudisha dukani.

Nauza vitenge na madera Kariakoo. Hela yangu haina mwisho wa mwezi, inakuja kwa misimu: kabla ya Idi, wakati wa harusi, na zamu yangu ya mchezo (upatu wa kuchangiana) ikifika. Hela ya namna hiyo ikikaa kwenye simu inaisha bila kujua imekwenda wapi. Vipande vya UTT, yaani mfuko wa uwekezaji wa pamoja, ninavyo na sivibezi hata kidogo, faida yake inaonekana. Dhahabu niliitafuta kwa sababu nyingine. Mzigo wangu unatoka nje na unalipiwa kwa dola. Dola ikipanda, mtaji uleule unaleta robota chache. Nilitaka akiba ambayo dola ikipanda nayo inapanda, na sikutaka kuhangaika kutafuta noti za dola, ambazo mwaka ule zilikuwa adimu mjini.

Sisi wanawake wa Pwani tumelelewa na dhahabu. Bangili na herini za mahari ndiyo benki ya kwanza ya mwanamke, na mama yangu amesomesha watoto kwa bangili zake. Lakini bangili unapoinunua unalipia dhahabu na unalipia ufundi. Siku ya kuuza, sonara anapima uzito, anaangalia karati, anatoa vijiwe kama vipo, na ule ufundi haumhusu. Halafu karati zenyewe: 18 ni asilimia 75 ya dhahabu halisi, 21 ni 87.5, 22 ni 91.6. Kipande cha akiba ni karati 24, kimeandikwa 999.9, na ufundi wake ni mdogo. Kwa kuvaa, chukua bangili na uipendeze nafsi yako. Kwa akiba, kipande kinashinda, na sioni ubishi hapo.

Cha gramu 10 kina ukubwa wa laini ya simu ya zamani, ila ni kinene zaidi na uzito wake unakushtua mkononi. Kinakuja kimefungwa ndani ya kadi ya plastiki ngumu yenye jina la kiwanda, uzito, usafi na namba. Namba hiyohiyo imechongwa kwenye dhahabu yenyewe. Vyangu ni vya kiwanda cha PAMP cha Uswisi na vingine vimetoka Dubai. Usikubali kadi iliyofunguliwa kwa bei ya kadi nzima, na ukishanunua usiifungue kwa hamu ya kushika. Kadi ikivunjwa, anayenunua anaanza kupima upya na bei inashuka.

Sasa bei, na hapa naomba usome polepole. Bei ya dunia hutangazwa kwa wakia, na wakia ya dhahabu ni gramu 31.1, siyo ile ya gramu 28.35 ya kupimia vitu vingine. Chukua bei ya wakia, gawa kwa 31.1, zidisha kwa bei ya dola ya siku hiyo. Wakia ikiwa dola 4,000 na dola ikiwa shilingi 2,450, gramu moja ni kama shilingi 315,000. Hiyo ndiyo bei ya dhahabu tupu. Dukani utakuta wameongeza juu yake, na kipande kikiwa kidogo nyongeza inakuwa kubwa. Kwenye maduka niliyopita, gramu moja ilikuwa juu kwa asilimia kama 15, gramu 10 kwa asilimia kama sita. Ukienda kuuza, wanakukata tena kidogo chini ya bei ya dunia. Kwa hiyo siku unayotoka dukani na gramu moja, tayari uko nyuma sana, na bei inabidi ipande ndiyo urudi ulipoanzia. Ndiyo maana mimi hungoja hela ifike ya gramu 5 au 10.

Swali langu la kwanza kwa muuzaji siku zote ni hili: leo hii kipande hikihiki nikikurudishia, unakichukua kwa shilingi ngapi? Duka moja la katikati ya mji lilinijibu kwa kuzungukazunguka, mara njoo tuone soko, mara inategemea. Nikaaga. Jingine, la mzee mmoja sonara, nilipouliza hakusita. Alichukua kikokotoo, akanionyesha bei ya dunia kwenye simu yake, akaandika namba mbili kwenye karatasi, ya kuuza na ya kununua. Ndiko ninakonunua mpaka leo, na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, hutoka kabla sijaomba.

Kipande nilichouza nilikinunua mwishoni mwa 2023, wakia ikiwa karibu dola 2,000 na dola ikiwa shilingi 2,500 hivi. Nilitoa kama milioni moja na laki saba kwa gramu 10. Nilipokiuza, wakia ilikuwa imevuka dola 4,000, nikapata milioni tatu na kidogo baada ya makato. Nimefurahi, nisiseme uongo. Lakini ni miaka miwili iliyopanda kuliko kawaida, na yeyote anayekuahidi kwamba itaendelea hivyo anakudanganya. Septemba 2011 wakia ilikaribia dola 1,900. Desemba 2015 ilikuwa imeporomoka hadi dola 1,050 hivi, na aliyenunua kileleni alisubiri mpaka 2020 kuiona tena bei yake. Hapo katikati dhahabu haimpi senti. Haina riba wala gawio. Na sisi wa huku tuna bei mbili za kuangalia, ya wakia na ya shilingi. Mwishoni mwa 2024 shilingi ilipata nguvu ghafla dhidi ya dola, na kwa wiki kadhaa dhahabu yangu ilipungua thamani kwa shilingi ilhali bei ya dunia haikuwa imeanguka kiasi hicho. Hela ya ada ya Januari usiiweke huku.

Siku ya kuuza mzee aliniomba ruhusa ya kukata kadi.

"Mwanangu, hata kama nilikuuzia mimi, lazima nipime."

"Pima mzee, hiyo ndiyo kazi."

Akakiweka kwenye mizani: 10.00. Akaweka glasi ya maji juu ya mizani ileile, akairudisha sifuri, kisha akakining'iniza kipande kwa uzi ndani ya maji bila kugusa kitako cha glasi. Mizani ikasoma 0.52. Akagawa kumi kwa 0.52, ikaja 19.2, yaani kipande ni kizito mara 19.2 kuliko maji ya ukubwa uleule, na dhahabu safi ni 19.3. Aliniambia shaba nyeupe au risasi iliyopakwa rangi haiwezi kufika hapo; risasi ni 11.3 tu, mizani ingesoma karibu 0.88. Kinachoweza kudanganya maji ni madini ya tungsteni, ambayo uzito wake unakaribiana kabisa na wa dhahabu, kwa hiyo alikipitisha na kwenye mashine mbili, moja ya kusoma usafi wa uso wa kipande na nyingine inayopima ndani. Kazi nzima haikuchukua muda wa kumaliza kikombe cha kahawa. Nakieleza kipimo hiki cha maji kwa sababu hata wewe unaweza kukifanya ukiwa na mizani nzuri ya desimali mbili, ila kwa kipande ambacho kadi yake imeshafunguliwa.

Kuhusu wale wanaopiga simu kwamba wana dhahabu ya machimbo ya Chunya au ya Kongo kwa bei ya kutupa: kaa nao mbali kabisa. Kununua dhahabu ghafi bila leseni ya Tume ya Madini ni kosa kisheria, na hapo umeshajiweka mahali ambapo ukitapeliwa huwezi hata kwenda polisi kwa kujiamini. Tangu 2019, soko la madini la Geita lilipofunguliwa na mengine yakafuata, mchimbaji ana mahali pa kuuza kwa bei inayojulikana. Mwenye dhahabu ya kweli hana sababu ya kukutafuta wewe Mbagala akuuzie kwa nusu bei.

Kuhifadhi ni gharama ambayo watu huisahau. Vyangu viko kwenye kisanduku cha kukodi benki, nalipia kila mwaka. Kwa mwenye gramu 5 tu, ada hiyo inakula faida. Dada yangu peke yake ndiye anayejua, naye ana nakala ya risiti na namba za vipande, maana mauti hayabishi hodi.

Kwa Waislamu wenzangu: kipande cha akiba kina zaka. Ukifikisha gramu 85 na mwaka ukapita, ni asilimia 2.5. Katika madhehebu ya Shafi, tunayoyafuata wengi wetu huku Pwani, pambo la kuvaa kwa kiasi cha kawaida halina zaka, ila kipande kilichofungiwa hakiwezi kuitwa pambo. Na ukitaka kubadilisha bangili za zamani upate kipande, uza kwanza, pokea hela mkononi, kisha nunua. Kubadilishana dhahabu kwa dhahabu yenye uzito tofauti kunaingia kwenye riba. Mzee wangu wa dukani analijua hilo na hukuhesabia hela yako kwanza bila kuulizwa.

Kinachoniuma ni kimoja. Migodi ya dhahabu ya Geita, Bulyanhulu na North Mara iko kwetu, Mwanza kuna kiwanda cha kusafisha dhahabu tangu 2021, na Benki Kuu yenyewe inanunua dhahabu ya ndani. Tangu Oktoba 2024 wachimbaji na wafanyabiashara wametakiwa kutenga angalau asilimia 20 kwa ajili hiyo. Lakini mimi wa Kariakoo nikitaka gramu 5, kaunta zote nilizopita zinanipa kipande cha Uswisi au cha Dubai. Siku kipande kidogo chenye muhuri wa Mwanza kitakapowekwa kwenye kaunta hizo, kwa bei ya kununua na ya kurudisha iliyobandikwa ukutani, nitapeleka hela ya mchezo wangu hukohuko, na wanawake wenzangu wa mchezo nitawachukua.