Mpiga Gitaa Aliyeachia Maiki: Uchambuzi wa Keeper of the Seven Keys, Part I

Habari zenu, watazamaji wangu. Karibuni tuketi. Leo mkononi nina santuri hii hapa, itazameni vizuri: Keeper of the Seven Keys, Part I. Ukipenda kwa Kiswahili, Mtunza Funguo Saba, sehemu ya kwanza. Ni albamu ya pili ya Helloween, bendi ya hevi metali, yaani roki nzito ya magitaa, kutoka Hamburg, Ujerumani, na ilitoka mwaka 1987. Mimi naipenda kupita kiasi, na nitawaeleza kwa nini, lakini kasoro zake pia nitazitaja, maana mtu anatoa hela yake.

Kabla ya kuweka sindano, turudi nyuma kidogo. Albamu yao ya kwanza, Walls of Jericho, ya mwaka 1985, aliyeimba ni Kai Hansen, na huyohuyo ndiye alikuwa akipiga gitaa. Isikilizeni mkipata nafasi. Vidole vyake vinakimbia ajabu, na koo linahangaika kuvifuata. Nyimbo zilikuwa kali, ila unasikia kabisa kwamba huyu bwana amebeba mizigo miwili. Basi Hansen akafanya jambo ambalo huwashinda viongozi wengi wa bendi: akaachia maiki. Akaletwa kijana wa hapohapo Hamburg, Michael Kiske, aliyezaliwa Januari 1968. Piga hesabu mwenyewe. Wakati wanaingia studio ya Horus, mjini Hannover, mwishoni mwa 1986, Kiske alikuwa na miaka 18.

Sasa ngojeni niwaambie kinachonigusa. Ukiondoa kianzio na kimalizio, humu ndani mna nyimbo kamili sita. Nne kati ya hizo kazitunga Hansen! Yaani kaondoka kwenye maiki, kisha akakaa chini kumtungia mwenzake nyimbo za kupanda juu, juu kabisa, mahali ambapo yeye mwenyewe asingefika. Ukiijua habari hiyo, unaisikiliza albamu hii kwa sikio jingine.

Kianzio, Initiation, ni dakika moja na sekunde kidogo, cha kutengeneza hali tu. Halafu I'm Alive inalipuka. Ngoma ni za Ingo Schwichtenberg, na miguu yake miwili inagonga ngoma kubwa bila kupumzika, kasi moja, hadi unajikuta na wewe unatikisa goti. Juu ya radi hiyo inakuja sauti ya Kiske, safi, haina mikwaruzo. Hapigi kelele, jamani, anaimba. Wale mnaosema hevi metali ni makelele matupu, nawaomba wimbo huu mmoja tu, dakika tatu na nusu haifiki.

Na magitaa! Sisi tuliokulia kwenye muziki wa dansi tunajua habari ya solo na second solo: kila gitaa lina njia yake, yanasukana kama ukili. Helloween hawafanyi hivyo. Magitaa mawili, la Hansen na la Michael Weikath, yanashika njia moja, moja juu kidogo, jingine chini kidogo, kama watu wawili wanaoimba wimbo mmoja kwa sauti mbili. Mtindo huo walirithi kwa bendi za Uingereza, Judas Priest na Iron Maiden. Wao wakauongezea kasi, na viitikio ambavyo umati mzima unaweza kuimba. Mchanganyiko huo ndio ukaja kuitwa pawa metali, na bendi nyingi za Ulaya, kuanzia Finland hadi Italia, zikapita njia hiyohiyo. Vaeni hedifoni msikie pia besi ya Markus Grosskopf. Haijifichi nyuma, inatembea na ina maneno yake.

A Little Time ni utungo wa Kiske mwenyewe, mzuri, una pumzi. Twilight of the Gods ni mbio tena. Anayefunga upande wa kwanza ni A Tale That Wasn't Right, wimbo wa taratibu wa Weikath, kilio cha mtu aliyebaki peke yake. Hapa nasema wazi: huzuni imezidi sukari. Kinachouokoa ni koo la Kiske, hasa anapopanda mwishoni.

Geuza santuri. Future World ni wimbo wa furaha, wa kufikiria kesho iliyo njema, na nauthamini sana kwa sababu wakati ule ilihitaji ujasiri kuchangamka namna hii mbele ya mashabiki wa metali.

Halafu inakuja Halloween. Dakika 13! Inaanza polepole, inakuvuta kama mtu anayekuita kutoka kizani, kisha inafyatuka. Inabadilika mwendo, inatulia katikati, magitaa yanapokezana solo, na inaporudi kwenye kiitikio unahisi umesafiri. Kuna watu wakisikia jina hilo wanaogopa. Halloween ni ile sikukuu ya tarehe 31 Oktoba, ya watoto, vinyago na maboga, na kutoka hapo wimbo unaingia kwenye vita vya mtu na uovu unaomshawishi. Kwa ajili ya video wimbo ulikatwa ukawa mfupi. Msianze na huo uliokatwa, tafadhali.

Kasoro. Kwanza, sauti ya ngoma ina mwangwi mwingi wa miaka ile ya themanini, na kwenye spika ndogo inapwaya. Pili, urefu: dakika 37 basi. Bendi ilitaka zitoke santuri mbili kwa pamoja, kampuni iliyotoa santuri zao, Noise, ikakataa, sehemu ya pili ikaja 1988. Kwa hiyo Follow the Sign, kimalizio chenyewe, ni kama mlango uliofunguliwa ukafungwa kabla hujachungulia vizuri. Hiyo inaniuma kila mara.

Wale watano hawakukaa sana. Baada ya sehemu ya pili Hansen akaondoka, akaanzisha bendi nyingine, Gamma Ray. Kiske naye akatoka 1993. Ingo aliugua ugonjwa wa akili, akafariki 1995, na miaka 29 tu. Hansen na Kiske walirudi kundini 2017, na kwenye albamu ya 2021 mpiga ngoma wa sasa, Dani Löble, alitumia seti ileile ya ngoma aliyokuwa akiipiga Ingo. Mimi nikisikia I'm Alive siku hizi, namfikiria yule kijana na miguu yake.

Mnunue ipi? Mwenye mashine ya santuri achukue santuri, kwa sababu upande wenye Halloween unastahili kusikilizwa peke yake. Mwenye kutumia CD atafute toleo lililoongezewa nyimbo, mna Victim of Fate, wimbo wa enzi za Hansen, umeimbwa upya na Kiske. Usikilize huo, kisha uutafute ule wa zamani wa 1985 alioimba Hansen, uweke mmoja baada ya mwingine. Halafu niandikie hapo chini umesikia nini.