Nimechorewa paka wangu hapa Kigoma, mara ya kwanza akatoka na macho ya mtu

Naanza na bei maana najua ndo mnachokitafuta: 70,000 saizi ya A3, penseli za rangi, bila fremu. Kianzio nusu, nusu ukichukua kazi. Aliniambia siku 7, zikawa 19. Fundi simtaji jina kwa sababu kuna sehemu nitamsema na bado tunasalimiana kila asubuhi, ila ni kijana wa Mwanga hapahapa mjini, kibanda chake ukutani kimejaa maharusi, marehemu baba za watu na wachezaji wa Simba na Yanga. Paka hata mmoja hakuna.

Nilivyomwambia nataka paka akauliza, "Ya dukani dada? Nembo?" Nikamwambia hapana, paka wangu wa nyumbani. Akanitazama kidogo afu akasema sawa, bei ni ileile ya mtu.

Paka mwenyewe anaitwa Kuhe. Aliyewahi kuuliza bei ya kuhe, yule samaki wa Ziwa Tanganyika, pale mwaloni Kibirizi ataelewa, sasa huyu akiwa kadogo kabisa alibeba kipande cha kulisha watu wanne akaingia nacho chini ya kabati, jina likabaki hapo. Aliyemlea hasa ni dada yangu, na dada alihamishiwa Dodoma kikazi mwaka juzi, kila akipiga simu kabla hajauliza mama kaamkaje anauliza Kuhe kala. Ndo nikaona ngoja nimchoreshee picha nimtumie.

Kwenye picha ya kuchorea ndo watu wengi watakwama. Mimi nilipeleka 3. Ya kwanza ya usiku na flashi, macho yanawaka kama taa za bodaboda, akaikataa hapohapo na alikuwa sahihi, jicho la paka huko nyuma lina kitu kama kioo kinarudisha mwanga. Ya pili nilipiga nimesimama, kichwa kikubwa miguu imepotea kama kiluwiluwi. Ya tatu nililala chini kabisa asubuhi mlangoni, simu usawa wa pua yake, jua linampiga usoni, hiyo ndo ikapita. Ila nikaituma WhatsApp kama picha za kawaida ikafika imebanwa, manyoya yameungana kama uji, akaniambia nitumie kama dokumenti, nikatuma, tofauti hata mimi niliyepiga nilishangaa.

Akataka pia tufanye penseli nyeusi tupu, 40,000, eti ndo inapendeza. Nikakataa. Kuhe ana rangi tatu, nyeupe, nyeusi na chungwa, ukimtolea chungwa unabaki na paka wa mtu mwingine. (Muda wote fundi anamwita "huyu bwana", nikamwambia paka wa rangi tatu karibu wote ni majike, hiyo chungwa na nyeusi zinategemea kromosomu X, akaitikia "sawa" ya mtu ambaye hajakubali.)

Kazi yenyewe anafanya hivi, anaiprinti picha steshenari, anaipiga viboksi kwa rula, afu karatasi kubwa nayo anaipiga viboksi idadi ileile, anahamisha kimoja kimoja. Siku ya 8 akaniita nione. Jamani. Mwili safi, mkia safi, manyoya ya kifuani unataka uyashike, ila usoni yupo mwenyekiti wa mtaa. Ilinichukua muda kujua shida ni nini maana kila kitu kipo mahali pake. Kumbe ni macho. Kwenye picha kwa lile jua mboni zimekuwa vijistari vimesimama, yeye akaona labda picha ina kasoro akaweka mboni za duara, na pembeni akaacha weupe kama wa jicho la binadamu, na juu akamwekea kope. Mkono wake umezoea maharusi.

Hapa lazima nimpe sifa zake. Hakubisha. Alifunga kibanda akaja mpaka nyumbani, akakaa kibarazani na dagaa wa kukaanga mkononi karibu saa nzima anamtazama tu Kuhe, anamgeuzia kwenye jua, anamrudisha kivulini, akawa anacheka peke yake anavyoona mboni zinafunguka na kufunga. Alivyorudi akafuta macho yote akaanza upya.

Halafu masharubu. Nilidhani atayapaka na penseli nyeupe, akanionyesha kwamba penseli nyeupe juu ya nyeusi haionekani vizuri, yeye kabla hajaweka rangi yoyote alichukua peni iliyoisha wino akakandamiza mistari kwenye karatasi tupu, ukija kupitisha rangi juu inaruka ule mfereji, sharubu linabaki jeupe lenyewe. Nilikaa naliangalia hilo sharubu moja refu la kulia kuliko picha nzima.

Lalamiko langu la pili ni sikio. Kuhe sikio la kushoto lina pengo, mwaka jana alipigana na shume wa jirani usiku kucha. Fundi kaliziba, sikio zima zuri. Nikamuuliza akasema alidhani nitafurahi, wateja wake wakileta picha ya mzee ana kovu wanamwambia toa kovu. Nikamwambia mimi nataka pengo. Tukabishana kidogo, mwisho akavuta ile rangi ya kijani iliyokoza ya nyuma akaiingiza kwenye sikio mpaka pengo likatokea. Limetoka vizuri, ila ukiinamisha karatasi kwenye mwanga unaona mstari wa sikio la zamani bado unang'aa chini ya kijani.

Kusafirisha sikuweka fremu wala kioo. Fundi bomba alinikatia kipande cha bomba la inchi 4, nikaiviringisha ndani na karatasi laini, nikaziba huku na huku kwa nailoni, ikafika Dodoma bila hata mkunjo. Kwa mtu anayetaka kuchorewa mnyama, nenda, mkono anao, ila mwambie aje amwone mnyama kwanza kabla hajashika penseli, na siku zake zidishe mara mbili.

Dada kapokea juzi. Akanipigia nikijua analia kwa furaha, kumbe analia kweli: "Kuhe kakatwa sikio na nani, na mbona hamkuniambia?" Nilisahau kabisa kwamba yeye aliondoka kabla ya shume.

Nilivyomsimulia fundi alicheka mpaka akakaa chini. Afu akasema kulirudisha sikio ni 10,000.