Rivyu ya USS Gerald R. Ford: kwa dola bilioni 13 unapewa nini?

Nianze na bei maana ndo kitu cha kwanza kila mtu anaulizia. Hii manowari ya kubeba ndege ya Wamarekani, toleo jipya kabisa, ilitoka kiwandani kule Newport News, Virginia, kwa dola bilioni 13 na pointi, kwa hela yetu hapo unaongelea trilioni thelathini na kitu, yaani bwawa la Nyerere kule Rufiji unalijenga kama mara tano hivi. Na hiyo ni meli tupu wakuu. Ndege hazimo kwenye bei. Ndege unajinunulia mwenyewe, ndege ya kivita F/A-18 moja inacheza kwenye dola milioni 60 na zaidi, na humo ndani zinakaa ndege na helikopta sabini na kitu, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe ukiwa umekaa chini.

Muonekano sina tatizo nao. Urefu mita 330 na zaidi, uzito kama tani laki moja, watu ndani kama 4,500 ukijumlisha na wale wa ndege, vinu viwili vya nyuklia, na ukubwa wote huo bado inakimbia noti 30 na ushee, yaani km 55 na zaidi kwa saa. Nyuklia yenyewe unaijaza mara moja tu katikati ya maisha ya meli, baada ya miaka kama 25. Ila hapa watu wengi wanapigwa chenga, wanadhani basi hii meli haihitaji mtu, inakaa baharini inavyotaka. Ndege zinakunywa mafuta ya kawaida jamani, na mabaharia wanakula, kwa hiyo kila baada ya siku chache lazima ije meli nyingine ya mizigo ikae ubavuni, wavutiane mabomba na kamba huku zote zinatembea. Ukiikata hiyo meli ya mizigo, mwenye nyuklia anabaki na mwendo tu.

Sasa tuje kwenye kitu kilichofanya bei ipae, manati ya kurushia ndege. Manowari za zamani zilikuwa zinatumia mvuke, pistoni inasukumwa chini ya deki, ndege imeng'ang'aniwa gurudumu la mbele, inavutwa inatupwa. Ford wakasema hapana, sisi tunaweka sumaku ya umeme. Ndege inatoka kusimama mpaka km 240 kwa saa ndani ya mita kama 90, ni sekunde mbili tatu umeshaiona iko hewani. Na uzuri wake ni kwamba nguvu unaipima, droni nyepesi unaipa kidogo, ndege iliyojaa mabomu unaipa nyingi, wakati mvuke ulikuwa unapiga kama teke la punda na vyuma vya ndege vinachoka haraka. Kwenye karatasi hapo sina ubishi.

Shida ni uimara. Lengo waliloandika wenyewe ni kurusha mara 4,166 kati ya hitilafu kubwa moja na nyingine, wapimaji wa Pentagon wakaenda kupima wakakuta mamia tu. Halafu kuna kitu kimoja mi kilinichekesha kwa uchungu: manati zipo nne, ila umeme wake umeunganishwa kiasi kwamba moja ikifa huwezi kuizima peke yake fundi aingize mkono wakati zingine zinaendelea kurusha. Nyumba ya kupanga Manzese kila chumba kina swichi yake, hii ya bilioni 13 haina. Trump mwenyewe kila akipata maiki analalamika warudi kwenye mvuke, na sio mara moja wala mbili.

Lifti za mabomu ndo balaa lingine. Zipo 11, kazi yake kupandisha mabomu kutoka stoo ya chini mpaka deki, nazo wakaondoa zile kamba za waya wakaweka sumaku. Meli ikazinduliwa kwa mbwembwe Julai 2017, rais yupo, bendi inapiga, na lifti hata moja haifanyi kazi. Unajiuliza meli ya vita isiyoweza kupandisha bomu ni meli ya nini. Mwanzoni mwa 2019 waziri wa jeshi la majini wa wakati huo, Richard Spencer, akasimulia kwamba alimpa Trump mkono kabisa kuwa lifti zisipokamilika kwenye matengenezo yaliyokuwa yanaendelea basi amfukuze. Hazikukamilika. Akafukuzwa kweli mwaka huo huo, ila kwa kesi nyingine kabisa, na lifti ya mwisho ikaja kukabidhiwa Desemba 2021.

Vyoo nisiviruke. Wameweka mfumo wa kufyonza kama wa kwenye ndege, mabomba membamba, watu elfu nne wanavitumia, matokeo mnayajua. Wakaguzi wa serikali yao waliandika 2020 kwamba kuzibua mfumo mzima inabidi wapitishe tindikali, na zoezi moja ni dola laki nne. Hiyo ni gharama ya kuzibua vyoo, rudia kusoma.

Haki nayo itendeke. 2021 walilipua baruti kilo elfu 18 majini karibu na meli, pwani ya Florida, mara tatu kwa tarehe tofauti, mlipuko wa kwanza mitambo ya tetemeko la ardhi ikausoma kama 3.9, na Ford ikatingishika ikaendelea na safari zake. Chuma ni chuma. Na ile manowari yao ya zamani ya kubeba ndege, USS America, walipotaka kuizamisha makusudi 2005 ili wajifunze, ilichukua wiki kama nne za kuilipua. Kwa hiyo wanaosema kombora moja tu inakwenda chini, wapunguze.

Sasa kwenye matumizi, maana bidhaa unaipima kwenye kazi yake. Kazi kubwa ya hizi meli sio kupigana, ni kufika. Sisi Tanzania tunalijua hili kuliko tunavyodhani. Januari 1964 wanajeshi wa Tanganyika Rifles walipoasi, Nyerere akawaomba Waingereza, na kilichokuja nje ya Dar ni HMS Centaur, manowari ya kubeba ndege ambayo haifiki hata theluthi ya uzito wa Ford, imepakia makomando kutoka Aden na helikopta. Alfajiri ya tarehe 25 helikopta zikawashusha kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, na uasi kambini hapo ukaisha asubuhi hiyo hiyo. Hakukuhitajika uwanja wa ndege wa mtu wala ruhusa ya jirani. Wakenya nao 1976, baada ya ile ya Waisraeli kuokoa mateka Entebbe, Amin anatisha kuvamia, Wamarekani wakaileta manowari yao USS Ranger pwani ya Kenya. Hiyo ndo huduma unayolipia, na Ford inaitoa vizuri, Oktoba 2023 ilisogezwa mashariki ya Mediterania ndani ya siku chache, mwishoni mwa 2025 ikapelekwa Karibi kumkodolea macho Maduro, rais wa Venezuela wa wakati huo.

Ila mpinzani akiwa na kombora na hana cha kupoteza, mambo yanabadilika. Angalia Bahari ya Shamu. Wahouthi wa Yemen hawana meli ya maana, wana droni na makombora, na USS Harry S. Truman iliyopelekwa kuwashughulikia imepoteza F/A-18 tatu ndani ya miezi michache, hakuna hata moja waliyoitungua wao: Desemba 2024 moja ikapigwa na meli ya kwao wenyewe, Gettysburg, Aprili 2025 nyingine ikateleza ikatumbukia baharini pamoja na trekta lililokuwa linaivuta, taarifa zikasema meli ilikata kona kali kukwepa mashambulizi, na Mei nyingine ikitua ikashindwa kudakwa na waya wa kuisimamisha ikapitiliza majini. Katikati hapo, Februari, Truman ikagongana na meli ya mizigo karibu na Port Said, Misri. Kila droni rahisi inayokuja unaijibu kwa kombora la mamilioni ya dola. Biashara kichaa.

Na Mchina ndo kabisa. Ana makombora ya kupiga meli, DF-21D inayofika kama km 1,500, na DF-26 kama km 4,000, wakati ndege za deki bila kuongezewa mafuta hewani zinaenda na kurudi kwenye km mia nane mpaka elfu hivi. Ukikaa mbali huna faida, ukisogea uko kwenye rada yake. Alafu huyo huyo Mchina Novemba 2025 kaiingiza rasmi jeshini manowari yake ya Fujian yenye manati za umeme vile vile, ila bila nyuklia. Safari yake ilianzia kwenye mkweche alionunua Ukraine kwa dola milioni 20, mnunuzi akidai anaenda kuifanya kasino Macau. Huyo ndo mnunuzi mjanja kwenye hii rivyu.

Gharama iliyojificha: ukitaka moja iwe kazini muda wote inabidi uwe nazo tatu, moja doria, moja mazoezini, moja gereji. Na gereji sio ya wiki mbili, USS George Washington iliingia kubadilishiwa nyuklia 2017 ikatoka 2023. Ndo maana sheria yao inawataka wawe nazo angalau 11, sio ufahari tu.

Kuuza ikishatumika? Sahau. Kitty Hawk na John F. Kennedy ya zamani ziliuzwa skrepa Texas kwa senti moja kila moja. Hizo ni za mafuta. Enterprise yenye vinu vinane vya nyuklia hawajalipwa hata hiyo senti, wao ndo wanamlipa mtu zaidi ya dola milioni 500 aibomoe.

Nyota tatu kati ya tano. Kama wewe ni Marekani, una hela, na unaotaka kuwatisha hawana makombora ya masafa marefu, chukua. Kama bajeti ndogo usijaribu, waulize Thailand, yao ya 1997 ndege za kivita zilishastaafu imebaki na helikopta. Anayesubiri Ford ya pili, John F. Kennedy mpya, ilitakiwa ikabidhiwe 2025, sasa wameisogeza Machi 2027, na kati ya sababu walizotoa ni waya za kudakia ndege na, ndiyo, lifti.