EB Garamond: fonti iliyounyoosha mshororo wa mzee

Nina steshenari ndogo Ngamiani, hapa Tanga. Riziki yangu kubwa ni kadi za harusi, lakini kilichonifanya niisifu fonti hii ni kijitabu cha mashairi.

Mzee mmoja wa Makorora aliniletea daftari la tungo zake. Nikazichapa kwa fonti pana niliyoizoea, ukubwa wa 14 kwa kuwa wasomaji wake ni watu wazima wenzake, ukurasa wa A5. Alipokuja kukagua akaweka kidole kwenye ubeti wa kwanza: "Mwanangu, mshororo wangu una mizani 16. Mbona umeukata kiuno?" Kweli, kina cha mwisho kilikuwa kimeangukia mstari wa chini, peke yake. Niliona aibu, maana mji huu unajua shairi.

Nikabadilisha kuwa EB Garamond, ukubwa uleule. Mishororo yote ikaingia. Nikapanga ukwapi, yaani nusu ya kwanza ya mshororo, kushoto na utao, nusu ya pili, kulia, na nafasi ikabaki. Siri ni kwamba herufi zake ni za wastani kwa upana na tumbo lake, yaani kimo cha herufi ndogo kama a na o, ni fupi, ila k, l na h zimerefuka juu, g na y zimeshuka vizuri chini. Kiswahili kimejaa k, l na y, basi ukurasa hauonekani ukuta. Na vile vijimkia vya miisho ya herufi ni laini, havichomi jicho. Mzee alisoma beti tatu kwa sauti pale kaunta bila kukwama.

Asili yake ni Ufaransa, karne ya 16. Claude Garamond, aliyefariki 1561, alizichonga herufi zake kwenye chuma. Mbunifu wa fonti Georg Duffner akazifufua kwa kompyuta kutoka karatasi ya sampuli iliyochapwa Frankfurt mwaka 1592. Herufi za mlazo, zile zilizoinama, katika sampuli ile ni za mchongaji mwingine, Robert Granjon, nami hizo ndizo ninazoandikia majina ya maharusi; hazihitaji maua pembeni. Fonti ni ya bure, hata kwa kazi ya biashara.

Angalia tu alama ya ng'. Maandishi yakitoka WhatsApp huja na kialama kilichosimama wima, na kwenye fonti hii kinaonekana kama msumari. Kibadilishe kiwe cha kupinda, ndipo "ng'ombe" na "ng'ambo" zipendeze.

Udhaifu wake ni wembamba. Kadi ya bluu yenye maandishi ya dhahabu, ukubwa wa 9, ilinitia hasara: vijistari vya katikati ya e vilifutika, nikachapa upya kwa gharama yangu. Siku hizi kazi ndogo kama hiyo naifanya kwa uzito wa Medium, ulio mnene kidogo kuliko wa kawaida, na natoa kadi moja kwanza kwenye karatasi ileile. Bango la barabarani siliandikii kabisa. Mtu wa bodaboda hataliona.