Mafunzo ya familia za kuaminika, Mwanza: nendeni, ila suala la nauli lirekebishwe

Natoa nyota nne. Kama wewe ni familia ya kuaminika, yaani unalea mtoto uliyekabidhiwa na ustawi wa jamii huku mama yake mzazi akijipanga kumchukua tena, mafunzo haya yatakufaa.

Somo la Sheria ya Mtoto ya 2009 lilikuwa refu mno; karatasi walizotugawia zingetosha. Utamu ulianza mwezeshaji alipofika kwenye somo la ziara, yaani mtoto na mama yake kutembeleana kabla hajarudi kwao. Mwendo ni wa taratibu: kwanza mama aje kwako mchana mpike pamoja, halafu mtoto akashinde kwao, baadaye ndipo alale huko. Akirudi akaanza kukojoa kitandani au kukususia, usiseme mama yake anamharibu. Wangu alifanya hivyo hivyo, na nilikuwa tayari.

Kilichonisaidia zaidi ni daftari. Unaandika mtoto analalia khanga gani, uji anaupenda vipi, kliniki ni lini, anaogopa nini. Mama yake alilisoma nikiwa nimekaa naye, akauliza, "Dada, akishtuka usiku huwa unamwimbia nini?" Nikamwimbia pale pale.

Nyota moja nimeipunguza kwa sababu ya nauli ya wazazi, haina fungu. Mama asiye nayo anakosa ziara, kisha anaandikwa kwamba hajali. Hilo linaniuma sana. Tena watoto wetu wa kuwazaa hawakutengewa hata kipindi kimoja, wakati nao wanaagana na ndugu.

Ukitaka kujiunga, anzia kwa ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako.